Taa Ziwake, Meli Inaondoka

Indiketa ya kushoto ilipowashwa, taa zote za nyuma zilicheza pamoja: ya breki, ya namba, hata ya kulia, kana kwamba karavani lile linaikonyeza kambi nzima.

"Zima! Zima, Lionel!" alipiga kelele bibi Enid, aliyekuwa amechuchumaa nyuma ya kile kijumba chake cha magurudumu.

Mbele, ndani ya gari, mzee Lionel alibonyeza kitu. Waipa zikaanza kupangusa kioo kikavu.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa tano, kwenye kambi moja ya pwani ya Wales, nyasi bado zina umande. Karavani la Enid lilikuwa la zamani, rangi ya maziwa yaliyolala, na tangu msimu uanze lilikuwa limekaa pembeni chini ya turubai. Asubuhi hiyo ndipo wenyewe walipotokea, wote wawili wamevuka themanini, wakalifunua na kulifunga nyuma ya gari. Walikuwa wanawahi meli ya mchana ya kwenda Ayalandi, na bila taa hakuna kuingia barabarani.

"Polisi akitusimamisha tu, tumekwisha," Enid alisema, akijifuta mikono kwenye sketi. "Na safari nyingine mimi sitaipata."

Kambi zile zina desturi yake. Mtu akifungua kifuniko cha taa, hata kwa kutoa buibui, wanaume hujaa kama sisimizi kwenye sukari. Hawaulizi jina wala utokako. Wanauliza kama umeangalia fyuzi. Akaja Trefor, aliyefanya kazi reli maisha yake yote, na testa yake ya kupimia umeme mfukoni. Akaja Keith wa karavani la jirani na kopo la balbu. Wa tatu alikuja na kiti na kikombe cha chai, akakaa kutazama.

"Balbu hizo," Keith alisema.

"Balbu nne zife siku moja? Zimekula nini, uyoga?" Trefor alimjibu.

"Basi ni gari."

"Wewe kwako kila ugonjwa ni gari. Hata mkeo alipougua meno ulisema gari."

Walizitoa balbu moja moja, wakazipangusa, wakazirudisha. Nzima. Fyuzi, nzima. Lionel aliambiwa akanyage breki, akapiga honi.

"Pole, mzee," alisema Trefor. "Gari jipya hili?"

"Bado tunazoeana," Lionel alisema.

Glenys, mkewe Trefor, alileta chai kwenye sinia. "Mzee, bibi anaweka sukari vijiko vingapi?"

Lionel alimtazama Enid, akatazama kikombe, akatazama mbingu. "Muulize mwenyewe, mama. Wanawake hawatabiriki."

Watu wakacheka. Keith aliinama kuchungulia ndani ya gari. "Naona kiti cha nyuma chote nywele za mbwa. Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mbwa wenu."

"Aa," Lionel alisema. "Tumemwacha."

Enid alitazama barabara ya juu, akatazama saa yake. Chai yake ilipoa bila kuguswa. "Niambieni ukweli, wanangu. Itawezekana au haitawezekana? Nimemwahidi huyu mzee tutaamka Ayalandi. Nimemwahidi."

Trefor akaacha utani. Alichukua waya mrefu, ncha moja akaigusisha kwenye chuma cha taa, nyingine kwenye chuma cha gari. "Washa kushoto."

Taa ya kushoto ikapepesa peke yake, kwa adabu. Nyingine zimetulia.

"Ndiye huyu!" alisema. "Umeme unakuja vizuri, ila hauna njia ya kurudi nyumbani. Ndiyo maana unapita kwenye taa za jirani."

Akaifungua plagi inayounganisha karavani na gari. Humo ndani waya mweupe, ule wa kurudishia, ulikuwa umeota kutu ya kijani, umeshikilia kwa uzi mmoja. Akakata sehemu iliyooza, akaukwangua mpaka shaba ikang'aa, akapasugua kwa msasa mahali unapofungwa, akakaza skrubu. Keith alishika bisibisi, isije ikasemwa hakusaidia.

"Kushoto!" Ikawaka. "Kulia!" Ikawaka. "Breki!" Safari hii Lionel alipata breki yenyewe, na kambi ikapiga makofi.

Lionel aliteremka. Akauchukua mkono wa Enid, wenye mafuta na vumbi la kutu, akaubusu mbele ya watu wote. Enid aliona haya kama msichana.

"Umeona?" Glenys alimdunda mumewe kiwiko. "Wamezeekea kwenye ndoa, na bado anamtazama hivyo. Wewe hata macho yangu yana rangi gani hujui."

"Kahawia."

"Buluu, Trefor."

Wakaondoka taratibu, indiketa ikipepesa pale getini, waipa nazo zikipangusa. Kambi nzima iliwapungia mpaka walipopotea kwenye kona.

Chai ya pili ilikuwa haijaisha mwanamke mmoja alipoingia getini kwa baiskeli, anahema, amevaa aproni ya nyumba ya wazee iliyo kule mlimani.

"Mmeona gari la kijani? Langu! Funguo zilikuwa mezani kwangu!"

"La kijani?" Trefor aliinuka kitini polepole. "Limeondoka na bibi mmoja wa karavani na mumewe."

"Mumewe?" Yule mwanamke aliiacha baiskeli ikaanguka. "Bibi wetu hana mume! Huyo babu tumempokea Jumatatu!"