Fulana ya Mbaruku

Siku hizi mtu akifa, pumzi zake huhifadhiwa ndani ya fulana. Mjane huivaa, nayo humpandisha na kumshusha kifua kwa mwendo uleule wa marehemu. Ya mume wangu Mbaruku nimeivaa miaka miwili.

Hapa Lushoto tunakaa bweni miezi mitatu, tunasomea ualimu wa yoga. Asubuhi ile nilipomaliza kuswali alfajiri, nilitandika mkeka ukumbini pamoja na wenzangu, baridi ikipenya mpaka kwenye nyayo. Mwalimu Kijazi akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Bi Mwantumu, leo ni mtihani wako. Mwalimu hafundishi kwa pumzi ya kuazima."

"Najua, mwanangu. Niache nimalizie hii moja."

Zamda, mwenzangu wa chumba, akacheka chini chini. "Tangu Jumatatu anamalizia hiyo moja."

Nikacheka nami. Kisha nikasema bismillahi, nikaivua ile fulana niliyoivalia juu ya nguo. Niliikunja kama nilivyokuwa nikimkunjia Mbaruku kanzu, nikaiweka juu ya kiti karibu na mlango, nikarudi mkekani.

Mwanzoni kifua kilisahau kazi yake. Zamda akanishika mkono. "Taratibu, shoga." Hewa ikaingia kidogo, ikakwama, kisha ikaja nyingine, na hiyo ilikuwa yangu.

"Alhamdulillahi," akasema Mwalimu Kijazi. "Umefaulu."

Sikumtazama. Kule kwenye kiti, fulana ilikuwa imeanza kuhema harakaharaka, kama alivyokuwa akihema Mbaruku nikichelewa kurudi nyumbani.