Mkwaruzo wa Santuri

Siku hizi nyimbo zote hutoka kwenye spika za serikali zilizo ukutani, zikiwa zimekwisha kusafishwa mikwaruzo yote, na kukutwa na santuri nyumbani ni kifungo. Mume wangu Semboja anayo moja. Nimemwambia aivunje, lakini mzee huyu hasikii la mtu. Tumeishonea ndani ya godoro, na kila Ijumaa adhuhuri huitoa, akaishika kingoni kwa viganja, akaizungusha kwa kidole na kuisikiliza kwa sindano iliyochomekwa kwenye kikombe cha karatasi.

Jana asubuhi mkaguzi alikuja. Alikuwa binti mpole, akavua viatu mlangoni. Alipekua kabati, jiko, hata pipa la unga. Godoro alilibonyeza mara moja, akaliacha.

"Mnisamehe wazee wangu, ndiyo kazi," akasema. "Hamna kitu humu."

"Usijali, mwanangu," nikamjibu, nikimsindikiza mlangoni.

Alipokuwa akivaa viatu, ukuta ukaanza kuimba wimbo uleule wa santuri yetu. Semboja, moyo ukiwa umemtulia, akaufuatisha kwa sauti ya chini: "Nakungoja mlangoni."

Ukuta ukaendelea na ubeti. Yeye akarudia, "mlangoni, mlangoni," kwa sababu hapo ndipo sindano yetu imekuwa ikikwama kwenye mkwaruzo kwa miaka arobaini.

Mkaguzi akamtazama. Kisha akavua tena kiatu alichokwisha kukivaa, akaufunga mlango taratibu, naye akiwa ndani.