Picha Sebuleni kwa Tunu

Muuzaji asiyefikisha lengo la mwezi hutundikiwa sebuleni kwake picha ya kumchekesha yeye na watu wake, na asubuhi mlango wa mbele haufunguki mpaka mmoja wao aicheke. Picha hiyo inasikia, na kicheko cha kujilazimisha haikikubali.

Tunu alikuwa akiuza majiko ya umeme. Alichorwa kabeba jiko, mlango umembana pua, na chini pameandikwa: "Mteja ni mfalme, Tunu ni zulia." Wiki nzima mumewe, Shomvi, alijichekesha kwa huruma tu, mlango ukagoma, wote wawili wakachelewa kazini.

Jumatatu picha ilikuwa imebadilika. Tunu alionekana kajifungia chooni kwa mteja, analia, analiambia jiko: "Nunuliwa basi, mwenzako nimechoka."

Shomvi alicheka mpaka akashika mbavu. Mlango ukafunguka.

Tunu hakusogea. "Hilo la chooni nilikwambia wewe peke yako."

"Niliinong'oneza picha jana usiku. Ningefanyaje, mke wangu? Bosi ameshanionya mara mbili." Shomvi akajifuta machozi. "Na kusema kweli, linachekesha."

Tunu akachukua mkoba wake, akampita bila kumwangalia.

Kesho yake aliwahi kuamka yeye. Shomvi alipotoka bafuni na taulo kiunoni, alimkuta mkewe kasimama mbele ya picha, anacheka kicheko cha kweli, na mlango uko wazi. Safari hii aliyechorwa alikuwa Shomvi.