Video Zote Isipokuwa Zao

Wiki tatu nzima wateja ninaowauzia intaneti mtaani walinilalamikia kwamba video zinakwama, na wiki tatu nzima nikaitukana kampuni kubwa inayoniuzia kwa jumla. Niliapa kwamba wanabana kila video isipokuwa zile za huduma yao wenyewe, ili watu wanikimbie. Nikiwapigia simu, jibu ni lile lile: "Kwetu hakuna tatizo, dada."

Asubuhi moja nikaamua kupanda mwenyewe kwenye paa la kiwanda cha mikate, ilipo antena yangu kuu. Kaka yangu, ambaye ndiye fundi wangu, alinizuia.

"Na jua lote hili? Niachie mimi."

Nilishangaa. Tangu lini amependa kupanda juu?

Nikapanda hivyo hivyo, nikafungua kisanduku cha antena na kuchomeka kompyuta. Kifuniko kilikuwa cha moto, kikaniunguza vidole.

Agizo lilikuwa humo humo, ndani ya kisanduku changu: punguza kasi ya video zote, isipokuwa za kampuni ile. Liliwekwa wiki tatu nyuma, saa nne asubuhi, kwa nywila tunayoijua watu wawili tu. Saa nne hiyo mimi nilikuwa kwa daktari wa meno, mdomo wazi.

Nikachungulia chini. Kaka alikuwa ameshika ngazi kwa mikono miwili, ananitazama bila kupepesa.

"Umeona nini, dada?"

"Vumbi tu," nikasema, nikirudisha kifuniko.



"Basi shuka. Ngazi nimekushikia."