Farasi Wasio na Kwao

Mama Fundi alitoka ofisini kwa mwalimu mkuu akitikisa kichwa kabla hajaulizwa, na wenzake waliokuwa wakimsubiri kivulini wakajua kwamba shule nayo imekataa bembea yao.

"Wanasemaje safari hii?" akauliza Bwana Spana, fundi wa magari ambaye hata msibani huenda na spana mfukoni.

"Uwanja hautoshi."

"Hautoshi? Uwanja ule unachezewa mpira na timu mbili, na mbuzi wanakula majani pembeni!"

"Ndivyo walivyosema, baba. Mimi nifanyeje?"

Wakarudi mtaani kwa miguu, kila mtu na lake moyoni. Kabla ya shule walikuwa wamejaribu bustani ya mji, na kabla ya bustani, maktaba. Kila mahali Mama Fundi aliingia peke yake. Hayo yalikuwa makubaliano: kundi zima likiingia ofisini wakubwa huona maandamano, lakini mjane nani atamkatalia? Basi wakamtanguliza yeye, wao wakabaki nje na dua zao.

Bembea yenyewe ilijaa karakana ya marehemu mumewe ukuta kwa ukuta. Marehemu ndiye aliyeibuni: sakafu ya mbao ya mviringo, nguzo katikati, na farasi wa mbao wa kuwabeba watoto huku wakizungushwa. Alifariki hata nguzo haijasimama. Mtaa ukaona haya kuiacha kazi ya mtu njiani, kila nyumba ikachonga farasi wake. Kuchonga nako si kulima. Farasi wa Bi Cherehani, mshonaji, alitoka na shingo ya kuku, na wa jirani mwingine alitabasamu kama mtu aliyekuja kuposa. Lakini Bwana Spana alitia beringi za lori bovu pale chini, na ukiisukuma kwa kidole tu, bembea ilizunguka.

Kazi hiyo ilifanywa siku za Jumamosi. Jumamosi karakana ilijaa vumbi la mbao, vicheko na ubishi, birika likajazwa na kujazwa tena, na Mama Fundi akapita na vikombe akiwagombeza kwa kumchafulia nyumba. Siku nyingine nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba aliisimamisha saa ya ukutani, maana mlio wake ulimtia uchungu.

Sasa bembea imekamilika, na paa la karakana limeoza. Mvua zikianza, mbao zitavimba, gundi itaachia, na jasho la mtaa mzima litakuwa kuni. Kila mtu alilijua hilo. Walibakiwa na mlango mmoja tu wa kubisha: wodi ya watoto ya hospitali, yenye ua uliosakafiwa na kuezekwa vizuri.

"Hapa tukikosa, basi tena," alisema Bi Cherehani Jumamosi asubuhi, akimwekea Mama Fundi mtandio sawa begani. "Waeleze vizuri, dada. Waeleze marehemu alivyoitaka."

Muuguzi mkuu alimpokea kwa heshima zote. Akamkalisha, akamuuliza habari za nyumbani, akamfungulia dirisha. Chini uani watoto wenye bandeji walikuwa wakiburuzana juu ya shuka kuukuu, wakicheka. Mama Fundi akawatazama. Nusura ainuke aondoke bila kusema neno. Kisha akasema aliyokuja kuyasema.

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Kweli, mama?"

"Kweli, mwanangu. Nikudanganye nipate nini?"

Alipotoka nje machozi yalikuwa yamemtangulia, na wenzake wakageuka kurudi mtaani.

Walipofika karakana, Bwana Spana akaanza kutia vyombo vyake mkobani. Bi Cherehani naye akakunja vitambaa vilivyobaki vya kushonea matandiko ya farasi.

"Mnafanya nini?" Mama Fundi akashtuka.

"Nakusanya vyangu, mama. Nimechoka kumpaka maiti grisi."

"Si tuzibe paa? Jumamosi ijayo njooni tuzibe paa, tupake mbao mafuta. Nitawapikia."

"Ili iweje?" Bwana Spana hakuinua hata macho. "Hakuna anayeitaka. Tungejua mapema, tusingejisumbua."

"Tumeshindwa, dada," akasema Bi Cherehani. "Bora kila mtu atulie kwake. Tutakuwa tunapita kukujulia hali."

Mama Fundi aliyajua maneno hayo. Waombolezaji nao walimuaga hivyohivyo siku ile ya maziko, wakapotea mpaka bembea ilipowarudisha. Akashika shingo ya farasi aliyekuwa karibu naye. Hili hakuwa amelifikiria kabisa.

Ndipo ikasikika hodi. Alikuwa muuguzi mkuu, bado na sare yake, tochi mkononi.

"Samahani, nimekuja bila taarifa. Roho imekataa kutulia. Nimesema niione mwenyewe kabla sijawanyima wale watoto."

Hakungoja kujibiwa. Akapiga magoti, akamulika chini ya sakafu, akagongagonga miguu ya farasi mmoja baada ya mwingine, akakwaruza nguzo kwa ukucha. Bwana Spana alisimama na mkoba wake begani, akishangaa mwanamke huyu anatafuta nini. Mwishowe muuguzi akainuka, akakung'uta magoti, akamgeukia Mama Fundi, na uso wake haukuwa na hasira hata kidogo.

"Nimempitia mwalimu mkuu, naye anasema ulimwambia kama ulivyoniambia mimi," akasema. "Mama, hao mchwa wako wapi?"