Kuku Asiye na Siagi

Bi Mishi alimchambua kuku akatupa ngozi yote, kama alivyozoea tangu moyo wa mumewe uanze kusumbua. Akamchanganya na mtindi na pilipili ya kusaga ndani ya bakuli. Wageni wa posa ya mjukuu wao walikuwa wameshaanza kuingia, nao wangechovya mikate humo.

Binti yake, Sauda, akaweka siagi na jibini mezani.

"Mama, leo tia. Daktari kasema tumpe baba chochote anachokipenda."

"Nilimsikia."

"Basi mbona unamnyima?"

Bi Mishi hakuinua uso. Mwaka mzima daktari yule alikuwa mkali: chumvi hapana, mafuta hapana. Juzi akawa mpole ghafla, na upole ule ndio uliomkosesha Bi Mishi usingizi.

"Baba yako si mtoto," alisema. "Akionja siagi leo, atajua kwa nini daktari amelegeza."

Sauda akaiacha siagi pale mezani. Bakuli likaingia ovenini, likatoka linachemka pembeni.

Mzee Shee alikuwa ameegemezwa mito sebuleni, katikati ya vigelegele. Alichovya kipande cha mkate, akatafuna taratibu huku akimwangalia mkewe.

"Mtindi tena," alinung'unika. "Mwanamke huyu ataniua kwa njaa."

Wageni wakacheka. Mzee naye akatabasamu, akachovya tena.

Jikoni, siagi ilikuwa imeshayeyuka ndani ya karatasi yake, ikitambaa polepole kuelekea ukingo wa meza.