Meza ya Karibu na Soketi

"Kaka, leo unaondoka saa ngapi?" mhudumu aliuliza huku akiifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi.

Mwanamume aliyekaa karibu na soketi alichomoa vidude vya masikioni, akatabasamu. "Nimalizie ukurasa huu tu, dada."

Ilikuwa saa tisa alasiri. Alikuwa hapo tangu saa mbili asubuhi, na kikombe chake kimoja cha kahawa kilishapoa zamani. Kazi yake ilikuwa kusikiliza mikutano ya watu wa mbali na kuichapa neno kwa neno. Pale mkahawani walimwita Bwana Chaja.

"Huyu ametugeuza ofisi," mwenye mkahawa alinung'unika. "Kwani nyumbani kwake hakuna meza?"

Mhudumu aliwahi kumuuliza. "Nyumbani hakukaliki, dada," Bwana Chaja alijibu, akarudi kuchapa.

Mhudumu aliposimulia hayo jikoni, wenzake walicheka hadi wakashika mbavu. Mpishi, baba wa watoto watano, ndiye pekee aliyemwonea huruma. "Mkewe atakuwa pilipili," alisema. "Na watoto ndio hao, wanaruka juu ya makochi kutwa. Mwacheni mwanamume mwenzangu apumue."

Bwana Chaja adabu alikuwa nayo. Kila asubuhi aliulizia kikohozi cha binti wa mhudumu, na siku binti alipopona alipiga makofi peke yake hadi watu wakageuka. Mhudumu alimshukuru akiwa ameshaelekea meza nyingine. Zaidi ya lile swali la nyumbani, hakuwahi kumuuliza kitu kuhusu maisha yake.

Ijumaa, mwenye mkahawa alibandika tangazo ukutani: wenye kompyuta, mwisho masaa mawili. "Kamwambie yule," aliamuru.

Mhudumu alikwenda. "Kaka, muda wako umekwisha. Kuna watu wanahitaji meza."

Meza nne zilikuwa tupu. Bwana Chaja alizitazama, kisha akafunga kompyuta taratibu. "Samahani, dada. Sikujua kama nawasumbua."

Jumatatu hakuja. Jumanne pia. "Atakuwa amepatana na mkewe," mpishi alitania, lakini safari hii hakuna aliyecheka. Mhudumu alijikuta anatazama mlango kila ulipofunguliwa.

Alhamisi simu ya kaunta ililia. Alikuwa muuguzi, akimtafuta dada anayehudumia meza.

"Ni mimi."

"Pole sana, dada. Kuna mgonjwa tulimlaza Jumamosi, bwana mmoja aliyekuja na kompyuta yake. Moyo ulimsumbua. Amefariki asubuhi hii. Tunahitaji ndugu aje."

Mhudumu alishika ukingo wa kaunta. "Mpigieni mkewe," alisema. "Ana mke huyo, ana watoto. Nyumba imejaa watu."

Upande wa pili karatasi zilisikika zikifunuliwa.

"Fomu aliijaza mwenyewe," muuguzi alisema polepole. "Penye mke ameandika marehemu. Penye watoto, wawili, ameandika marehemu. Penye ndugu wa karibu ameandika dada, na namba hii ya mkahawa."

Mhudumu aligeuka, akaitazama ile meza ya karibu na soketi.

"Halo? Au tumekosea mtu?"

"Hamjakosea," mhudumu alisema. "Ni kaka yangu. Nakuja."